Fahamu: Simu inavyoijua programu ya kuaminika
Mlandizi, kando ya Barabara ya Morogoro, kama kwingineko nchini, programu ya simu huweza kurushwa kwa WhatsApp badala ya kupakuliwa dukani. Android haiikatai papo hapo. Humuuliza kwanza mwenye simu kama anaruhusu chanzo kisichojulikana.

Kila programu ya Android hubeba saini ya kidijitali ya mtengenezaji. Toleo jipya lenye saini tofauti halikubaliwi kuchukua nafasi ya la zamani. Ulinzi mzuri, ila una pengo: saini huonyesha kwamba faili halijachezewa, haisemi aliyelitengeneza ni mwaminifu. Tapeli naye husaini.

Agosti 2025 Google ilitangaza kuwa watengenezaji watatakiwa kuthibitisha utambulisho wao, kuanzia Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand Septemba 2026.

Ukitumiwa programu ya benki au ya mikopo WhatsApp, ifute. Itafute kwenye Play Store iliyokuja na simu yako.