Ulishaji wa Ziada na Afya ya Utumbo wa Nyuki Wafugwao: Mfano wa Mashamba ya Lozi ya California

Kila Februari, makundi zaidi ya milioni 1 ya nyuki huhitajika California, Marekani, kuchavusha milozi. Ili makundi yapate nguvu kabla ya maua kuchanua, wafugaji huyalisha maji ya sukari pamoja na vibonge vya unga wa soya na hamira badala ya chavua. Makala haya yanafafanua kwa nini ongezeko la nyuki mzingani si ushahidi tosha wa afya ya utumbo wao.

Nyuki mfanyakazi hupata bakteria wa utumboni kutoka kwa wenzake baada ya kutoka kwenye sega. Snodgrassella alvi hutanda ukutani mwa utumbo, ilhali Gilliamella huvunja pektini ya chavua. Asidi zitokanazo na uchachushaji huo humlisha nyuki mwenyewe. Maji ya sukari hutoa nishati, lakini hayana protini, mafuta wala pektini. Kundi likiyategemea pekee, nyuki na bakteria wake hukosa lishe. Aidha, sukari iliyochemshwa pamoja na asidi huzalisha haidroksimethilifurfuro, ambayo huwadhuru nyuki.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba chakula cha ziada kipimwe kwa vigezo viwili: ukubwa wa kundi na hali ya bakteria utumboni.