Barua pepe zikikwama kwenye seva, soma jibu kabla ya kununua mtambo mpya

WAFANYABIASHARA wengi wenye seva ndogo za ofisini hugundua kuwa barua pepe zao zimekwama wakati mauzo yamekwisha kupotea. Proforma imetumwa Jumatatu, bei yake inadumu siku tatu, na mnunuzi yu kimya. Muuzaji anadhani mwenzake amepata bei nafuu kwingine. Mnunuzi naye anadhani muuzaji hana mali. Kumbe barua haijatoka ofisini.

Hilo si ajabu. Postfix, programu inayosafirisha barua kwenye seva nyingi za Linux, huweka kwenye foleni barua ambayo imeshindwa kupokelewa kwa muda, na kuendelea kuijaribu. Isipobadilishwa mpangilio, hungoja hadi siku tano ndipo imwarifu mtumaji kuwa imeshindwa. Onyo la ucheleweshaji halitolewi mpaka fundi aliwashe. Kwa maneno mengine, bei ya siku tatu inaweza kufa siku mbili kabla mwenye mali hajaambiwa lolote. Hatua ya kwanza, ambayo haina gharama, ni kumtaka fundi awashe onyo hilo litoke baada ya saa chache.

Tarakimu tatu zenye thamani

Kila seva inayokataa barua hutoa sababu kwa tarakimu tatu. Utaratibu huu ni wa tangu mwaka 1982, na bado unatumika. Jibu linaloanza na 4 maana yake ni "jaribu baadaye", na seva itajaribu yenyewe. Jibu linaloanza na 5 ni kukataa moja kwa moja. Kuituma barua ile ile mara kumi hakusaidii kitu.

Namba 550 mara nyingi huonyesha kuwa anuani haipo au mpokeaji amekataa kwa sababu za kiusalama. Namba 552 huonyesha kuwa sanduku la mpokeaji limejaa au mzigo umezidi kipimo. Maneno yanayofuata namba hizo ndiyo yanayoeleza kasoro. Msomaji asiyafute, ayanakili na kumpa fundi yalivyo.

Baada ya hapo jiulize: wanaokosa barua ni nani? Akiwa ni mteja mmoja tu, tatizo huenda liko kwake. Wakiwa ni wateja wote wa Gmail, kasoro iko kwenye vitambulisho vya seva yako au sifa yake imeharibika. Wakiwa ni watu wote, tazama mlango namba 25, ambao seva hutumia kupelekeana barua. Kampuni nyingi za intaneti na za kukodisha seva huufunga ili kuzuia barua taka. Ukikuta umefungwa, mtambo mpya hautasaidia. Dawa ni kuomba ufunguliwe au kupitishia barua kwenye seva ya kampuni inayotoa huduma hiyo.

Ikiwa barua hazitoki wala haziingii, angalia kama diski imejaa. Na kama ni zile za kuingia tu zilizokoma, angalia kwanza kama jina la kampuni kwenye intaneti, lile linaloishia na .co.tz au .co.ke, limelipiwa. Ada ya jina ikisahauliwa, barua za kampuni nzima husimama.

Masharti ya 2024

Tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zimekaza masharti kwa wanaotuma barua. Kila mtumaji anatakiwa kuwa na SPF au DKIM, yaani uthibitisho kuwa seva inayotuma imeruhusiwa na mwenye jina. Aidha, namba ya IP ya seva lazima iwe na jina, na jina hilo lirudishe namba ile ile. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku anatakiwa kuwa na vyote viwili pamoja na DMARC.

Mfanyabiashara mdogo hafikii kiasi hicho. Hata hivyo, inafaa aweke vyote vitatu. Hivi ni mistari michache ya maandishi inayoongezwa kwenye kumbukumbu za jina la kampuni, na programu moja ya kutia sahihi kwenye barua. Bila hivyo, ankara halali huishia kwenye kapu la barua taka, ambamo mhasibu wa mteja haangalii.

Kuingia kutoka mbali

Tatizo la pili ni mwenye seva kushindwa kuifikia akiwa safarini. Hapa pia jibu la mtambo lina maana. Ukiambiwa kuwa muunganiko umekataliwa, kwa kawaida kompyuta iko hai lakini huduma unayoitaka haifanyi kazi. Ukingoja mpaka muda uishe bila jibu, kuna ukuta wa usalama njiani, au umeme umekatika, au mtandao hakuna. Ukinyimwa ruhusa, umefika mlangoni ila ufunguo si wenyewe.

Ofisi inayotumia intaneti ya simu ina tatizo jingine. Makampuni ya simu aghalabu huwapa wateja wengi namba moja ya IP kwa pamoja, hivyo mtu wa nje hawezi kuipata kompyuta yako. Dawa ni kuomba namba ya kudumu, au kuifanya seva yenyewe ijiunge na njia ya siri ya VPN kutoka ndani.

Tena, si kila lawama ni ya seva. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na mtandao ukadorora Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna cha kutengeneza ofisini. Foleni ile ile ya siku tano ndiyo huokoa barua.

Usiache mlango wazi

Hatari kubwa huja pale fundi mwenye haraka anapofungua milango yote ili "ifanye kazi kwanza". Mlango namba 3389, wa kuendesha kompyuta za Windows kutoka mbali, usiachwe wazi kwa dunia nzima. Mei 2019 Microsoft ililazimika kutoa kiraka cha dosari kubwa ya huduma hiyo, hata kwa Windows XP ambayo ilikuwa imekwisha kuacha kuihudumia.

Kwa Linux, tumia SSH, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland baada ya maneno ya siri kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake. Itumie kwa funguo, si kwa maneno ya siri matupu. Na unapobadilisha mpangilio ukiwa mbali, usifunge muunganiko wa kwanza mpaka wa pili umekubali.

Mwizi akiingia kwenye seva ya barua hana haja ya kuvunja kasha. Husoma mazungumzo, hungoja ankara, kisha hubadilisha namba ya akaunti ya benki. Shirika la FBI la Marekani liliripoti kuwa malalamiko ya udanganyifu wa aina hii iliyoyapokea mwaka 2023 yalihusu hasara ya takriban dola bilioni 2.9.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha za mtambo mpya, mtake fundi akuonyeshe vitu vitatu: foleni ina barua ngapi, jibu la mwisho lilisemaje, na ni milango ipi iliyo wazi. Asiyeweza kuvionyesha, usimlipe kwanza. Na mteja akikuandikia kuwa akaunti imebadilika, mpigie simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.