Macho: Kula karoti, lakini usitupe miwani

UMEPANDA matatu jioni ukielekea nyumbani. Kabla ya gari kujaa, anaingia mchuuzi mwenye kijichupa mkononi na kutangaza kwamba dawa yake ya mitishamba humfanya mtu atupe miwani, huondoa mtoto wa jicho na hukausha machozi yanayotiririka ovyo. Abiria wawili watatu wanatoa pesa.

Huenda wewe pia, msomaji, umewahi kushawishika. Miwani ni ghali, foleni hospitalini ni ndefu, na hakuna asiyetamani kutunza macho kwa njia za kiasili zisizohitaji kisu wala gharama kubwa.

Njia kama hizo zipo, na baadhi zimethibitishwa na wanasayansi. Hata hivyo, kuna nyingine zisizofanya lolote, na nyingine zinazoweza kukupofusha. Ni muhimu uweze kuzitenganisha.

Chakula

Tuanze na karoti. Ndani yake mna kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Retina, yaani ule utando ulio nyuma ya jicho unaopokea picha, huhitaji vitamini hii ili kuona katika mwanga hafifu.

Mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha huanza kujikwaa giza linapoingia. Baadaye macho hukauka, na kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, chaweza kuoza na kutoboka. Ndiyo sababu watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 hupewa vitamini hii kliniki kila baada ya miezi 6. Usikose tarehe hizo.

Lakini ikiwa mwili wako tayari una vitamini A ya kutosha, kula gunia zima la karoti hakutakuongezea uwezo wa kuona. Imani hiyo ilivumishwa sana wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Serikali ya Uingereza ilidai kuwa marubani wake, akiwemo John Cunningham, waliangusha ndege za Wajerumani usiku kwa sababu walikula karoti. Ukweli ni kuwa ndege zao zilikuwa na rada, na hiyo ilikuwa siri.

Isitoshe, si lazima ununue karoti. Sukuma wiki, mchicha, managu, majani ya kunde, maembe, mapapai na viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa vina kazi iyo hiyo. Maini, mayai na maziwa pia. Mboga zikaange kwa mafuta kidogo, kwani mwili hufyonza vitamini hii vyema pakiwa na mafuta.

Usikimbilie vidonge bila ushauri wa daktari. Vitamini A ikizidi ni sumu, na kwa mama mjamzito yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kuna vidonge vya vitamini na madini ya zinki ambavyo utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka wa 2001 ulionyesha vinapunguza kasi ya ugonjwa wa kuchakaa kwa retina uzeeni. Hata hivyo, waliofaidika ni watu ambao tayari ugonjwa ulikuwa umefikia kiwango fulani, wala si kila mtu.

Mwangaza wa mchana

Mtoto wako hutoka shuleni akaingia katika masomo ya ziada, kisha akajifungia ndani ya nyumba na simu? Basi soma hapa.

Katika mji wa Guangzhou, Uchina, watafiti waliongeza dakika 40 za kucheza nje kila siku ya shule kwa watoto wa darasa la kwanza. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2015. Baada ya miaka 3, watoto 30 hivi kati ya kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Katika shule ambazo hazikuongeza muda huo, walikuwa karibu 40.

Yaonekana mwangaza wa mchana huzuia jicho la mtoto kurefuka kupita kiasi. Kwa hivyo mruhusu acheze uwanjani, hata kama ni ule mdogo wa mtaani. Mvalishe kofia, na umwonye asilitazame jua moja kwa moja. Lakini ikiwa tayari haoni ubao, kucheza nje hakutamponya. Anahitaji miwani, na hiyo miwani haitaharibu macho yake.

Ofisini

Ukitazama kompyuta au simu, hupepesi macho mara nyingi kama kawaida. Machozi hukauka, ndipo macho yakawasha na kichwa kikauma. Haya ni machovu, si upofu.

Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa futi 20 au zaidi kwa sekunde 20. Pepesa macho kwa makusudi, na uiweke kompyuta chini kidogo ya usawa wa macho yako.

Mazoezi ya macho

Mnamo 1920 daktari Mmarekani, William Bates, alichapisha kitabu akidai kuwa mtu anaweza kuacha miwani kwa kuyafanyisha macho mazoezi. Hadi leo wapo wanaoeneza mafunzo hayo.

Asiyeona mbali aghalabu ana jicho refu kupita kiasi. Anayeanza kusoma gazeti kwa kunyoosha mkono akifika miaka 40 ana lenzi iliyokakamaa kwa umri. Hakuna zoezi linalofupisha jicho wala kulainisha lenzi. Mazoezi husaidia watu wachache ambao macho yao hushindwa kuelekea pamoja kitu kilicho karibu, nao huelekezwa na mtaalamu.

Usitie chochote

Maziwa ya mama, asali, maji ya sukari, mkojo, maji ya majani: vyote hivi hutiwa machoni, na vyote vinaweza kuingiza viini au kuunguza konea. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe lisilopitisha mwanga.

Hata dawa ya matone iliyobaki ya jirani usiitumie. Baadhi huwa na steroidi, ambazo huweza kupandisha presha ya jicho. Kemikali ikikurukia, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha ukimbie hospitalini.

Mwizi asiyebisha hodi

Hatari kubwa ya kijichupa cha mchuuzi si pesa zako tu, bali muda unaopotea. Mtoto wa jicho anaweza kusubiri. Huondolewa kwa upasuaji mfupi na lenzi mpya kuwekwa, na mgonjwa akaona tena.

Presha ya macho haisubiri. Si sawa na ile presha ya damu. Huua polepole neva inayopeleka picha kwenye ubongo, mara nyingi bila maumivu, ikianzia pembeni mwa uwezo wa kuona. Wengi hugundua wakiwa wameanza kugonga milango. Kilichopotea hakirudi, si kwa mitishamba wala kwa upasuaji. Dawa ya matone huokoa kilichobaki tu.

Watu weusi hupatwa na ugonjwa huu zaidi, na mapema zaidi. Basi ukifika miaka 40, pimwa presha ya macho na neva yake. Ikiwa mzazi au ndugu yako anaugua, usingoje umri huo. Mwenye kisukari na apimwe macho kila mwaka. Hospitali nyingi kubwa zina kliniki ya macho, na zipo zinazoshughulikia macho hasa, kama vile kituo cha macho cha PCEA Kikuyu, hospitali ya Lions iliyoko Loresho, Nairobi, na kituo cha macho cha Kwale.

Nenda siku hiyo hiyo ukipoteza uwezo wa kuona ghafla, jicho likiwa jekundu lenye maumivu, ukiona vimulimuli, au mboni ya mtoto ikionekana nyeupe.

Kwa hivyo kula sukuma wiki yako, mtoe mtoto nje acheze, na uyapumzishe macho kazini. Kisha tenga asubuhi moja mwaka huu ukapimwe. Mchuuzi wa matatu hana kifaa cha kupimia presha ya macho, na miezi utakayoitumia kujaribu dawa yake ndiyo huenda ikakugharimu macho.