Ng'ombe Aliyekufa Huhesabiwa Mara Ngapi?

Ripoti ya tathmini ya ukame uliopiga Kenya kati ya mwaka 2008 na 2011 ilitolewa mwaka 2012, na ina nambari moja ambayo imenukuliwa kupita nyingine zote: shilingi bilioni 968.6, sawa na dola za Marekani bilioni 12.1. Ripoti ni ya serikali ya Kenya, ikisaidiwa kitaalamu na Umoja wa Ulaya, Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Bajeti ya serikali iliyosomwa Juni 2011 ilikuwa kama shilingi trilioni 1.15. Kwa hesabu hii basi, ukame uligharimu kiasi kinacholingana na asilimia 84 ya bajeti ya mwaka mzima. Sensa ya 2009 ilihesabu watu milioni 38.6, na ukiwagawia wote gharama hiyo, kila mmoja anabeba shilingi 25,000 hivi, au 6,270 kwa mwaka, awe mfugaji wa Marsabit au karani wa Nairobi.

Nambari ya namna hii haiokotwi njiani. Hutengenezwa na wachumi wenye kazi ya kupima maafa, kwa mbinu iliyoanzia kwenye tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Amerika ya Kilatini na Karibi, katika miaka iliyofuata tetemeko lililoibomoa Managua, Nikaragua, Desemba 1972. Mbinu hiyo ina mafungu mawili. Uharibifu ni thamani ya mali iliyoangamia: nyumba, barabara, bomba la maji, mnyama. Upotevu ni mapato ambayo yangepatikana na hayakupatikana, pamoja na gharama za ziada, kuanzia siku ya balaa hadi siku mambo yanaporudi kama zamani. Fungu la kwanza unaweza kulipiga picha. La pili ni ulinganisho kati ya mwaka uliotokea na mwaka ambao haukutokea.

Katika ripoti ya Kenya, uharibifu ni shilingi bilioni 64.4 na upotevu ni bilioni 904.1. (Ukijumlisha unapata 968.5. Tofauti ya 0.1 imetokana na kupunguza desimali.) Maana yake, asilimia 93 ya gharama ya ukame ule ni mapato ambayo hayakuja. Linganisha na tetemeko la Haiti la Januari 2010, lililopimwa kwa mbinu hiyohiyo: kati ya dola bilioni 7.8, uharibifu ulikuwa bilioni 4.3, yaani asilimia 55. Tofauti hiyo yenyewe si ya kushangaza, kwa kuwa ukame hauangushi majengo. Ila inamwambia msomaji mahali pa kuchimba. Kwa Haiti ungeuliza waliohesabu nyumba walihesabuje. Kwa Kenya swali ni moja: bila ukame, mapato yangekuwa kiasi gani?

Sehemu kubwa ya jibu ni mifugo. Sekta hiyo peke yake ina bilioni 699.3, asilimia 72 ya jumla, na kilimo cha mazao kinafuata kwa mbali kwa bilioni 121.1, chini kidogo ya asilimia 13. Ndani ya mifugo, uharibifu ni bilioni 56.1 na upotevu bilioni 643.2. Kwa hiyo sekta nyingine zote, maji, nishati, afya, elimu na kadhalika, zinagawana uharibifu wa bilioni 8.3 tu.

Bilioni 56.1 ni wanyama wangapi? Chukua kwamba zote ni thamani ya mifugo iliyokufa, na kwamba mnyama wa wastani, ukichanganya mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, alikuwa na bei ya shilingi 10,000. Unapata wanyama milioni 5.6. Kwa wastani wa shilingi 5,000, bei iliyo karibu zaidi na ya mbuzi, unapata milioni 11.2. Sensa ya 2009 iliripoti ng'ombe milioni 17.5, kondoo milioni 17.1, mbuzi milioni 27.7 na ngamia karibu milioni 3, jumla milioni 65.3. Vifo basi ni kati ya asilimia 9 na 17 ya mifugo yote nchini, ambayo katika nyanda kame ingekuwa sehemu kubwa zaidi. Kwa ukame wa miaka minne, hesabu hiyo inakubalika. Uharibifu haunipi shida.

Shida iko kwenye uwiano. Kwa kila shilingi 1 ya mnyama aliyekufa, ripoti inaweka shilingi 11.50 ya mapato yaliyopotea. Tuseme ng'ombe wa maziwa wa nyanda kame ana bei ya shilingi 20,000, anatoa lita moja na nusu kwa siku kwa siku 200 za mwaka, na lita ni shilingi 30. Hiyo ni shilingi 9,000 kwa mwaka. Mfugaji akichukua miaka mitatu kumpata mwingine, maziwa yaliyopotea ni shilingi 27,000, na uwiano wetu ni 1 kwa 1.35. Ili kufika 11.50 tungehitaji shilingi 230,000 za maziwa, na kwa 9,000 kwa mwaka hiyo ni miaka 25 na ushei. Hakuna ng'ombe anayekamuliwa miaka 25.

Ni haki kusema kwamba upotevu hauletwi na waliokufa tu. Ng'ombe aliye hai naye hukauka maziwa, hupungua uzito, hukosa kushika mimba, na mwenyewe hulipia maji ya bauza, majani na dawa. Ukiongeza wanyama milioni 60 waliobaki hai, kila mmoja akipoteza kidogo kila mwezi kwa miezi 48, nambari hupanda haraka. Gawanya bilioni 643.2 kwa wanyama milioni 60 na kwa miaka minne: shilingi 2,680 kwa mnyama kwa mwaka. Kwa ngamia ni kidogo. Kwa mbuzi wa shilingi 4,000 ni theluthi mbili ya bei yake, kila mwaka, miaka minne mfululizo, huku akiwa hai. Na idadi hiyo ya milioni 60 inajumuisha mbuzi wa Kisii na ng'ombe wa Nyeri ambao ukame huu haukuwagusa kama wa Turkana. Ukiwatoa hao, mzigo wa kila mnyama wa kaskazini unazidi.

Kuna hatari mbili za kuhesabu kitu mara mbili, na mtu yeyote aliyefundishwa uchumi anazijua. Ya kwanza: bei ya ng'ombe sokoni tayari ina maziwa na ndama wake ndani yake, maana mnunuzi hanunui ngozi na pembe, ananunua atakachokamua na atakachozaa. Ukiandika bei yake kamili kwenye uharibifu, kisha ukaandika maziwa yake ya maisha yote kwenye upotevu, umemlipa mara mbili. Ndiyo maana mbinu inadai upotevu usimame siku mali inaporejeshwa. Lakini siku hiyo anaichagua mchumi, na mwaka mmoja zaidi una thamani ya mabilioni. Ya pili: ukame unapoangusha bei ya ng'ombe, anachokosa mfugaji anakipata mnunuzi. Ni pigo kwa mfugaji wa Moyale, lakini ni nafuu kwa mwenye bucha. Kwenye hesabu ya taifa zima, kiasi hicho si upotevu, ni pesa iliyohama mfuko.

Halafu kuna idadi yenyewe ya mifugo, ambayo kila kitu kingine kinaiegemea. Makadirio ya wizara ya mifugo kabla ya 2009 yaliweka ng'ombe karibu milioni 13 na ngamia zaidi kidogo ya milioni 1. Sensa ikaja na milioni 17.5 na karibu milioni 3. Sensa hiyo ilifanyika Agosti 2009, ukame ukiwa umekolea, wakati mifugo ya kaskazini ilikuwa imehamishwa kufuata malisho na mingine imekwisha kufa. Mwaka mmoja baadaye Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza kufuta matokeo ya idadi ya watu katika wilaya nane, zikiwemo za Mandera, Wajir Mashariki na tatu za Turkana, kwa kuwa ongezeko lake halikuaminika. Hao ni watu, siyo mifugo. Ila waliojibu maswali yote mawili ni watu walewale, nyumba zilezile, siku ileile. Kutoka ngamia milioni 1 hadi milioni 3 msingi wa hesabu umeongezeka mara tatu, na hakuna ngamia aliyezaa zaidi kwa hilo.

Sasa weka upotevu wa mifugo kando ya mchango wa mifugo katika uchumi. Bilioni 643.2 kwa miaka minne ni wastani wa bilioni 160.8 kwa mwaka. Takwimu rasmi za wakati ule zilitaja thamani iliyoongezwa na mifugo, yaani thamani ya mazao baada ya kuondoa gharama za kuyazalisha, kuwa karibu shilingi bilioni 128 kwa mwaka 2009. Sekta ilipotezaje bilioni 160 kwa mwaka wakati yote kwa pamoja ilikuwa na 128? Roy Behnke na David Muthami, katika utafiti walioufanyia IGAD (jumuiya ya serikali za Pembe ya Afrika) mwaka 2011, walidai takwimu rasmi ndiyo mbovu, na wakaiweka kwenye bilioni 320 hivi, mara mbili na nusu. Ukikubali yao, upotevu ni nusu ya mchango wa mwaka. Ukibaki na takwimu rasmi, ni asilimia 126. Sehemu ya mwanya huu inaelezeka: upotevu ukipimwa kwa mazao ghafi bila kutoa gharama, utakuwa mkubwa kuliko thamani iliyoongezwa, na mwaka wa ukame wenyewe si kipimo cha sekta ilivyo katika mwaka mzuri. Haielezeki yote.

Ripoti inasema pia kwamba ukame ulipunguza kasi ya ukuaji wa uchumi kwa wastani wa asilimia 2.8 kwa mwaka. Kasi ilikuwa asilimia 7 mwaka 2007, ikaanguka chini ya 2 mwaka 2008. Lakini mwaka 2008 ulianza kwa ghasia za baada ya uchaguzi, watu zaidi ya 1,100 wakauawa na mamia ya maelfu kufukuzwa makwao, wengi katika Bonde la Ufa linalolisha nchi kwa mahindi. Julai mafuta ghafi yakapita dola 140 kwa pipa. Septemba benki za Marekani zikayumba. Kutenga kipande cha ukame katika mwaka kama huo ni kazi ya modeli, na modeli hutoa ulichoingiza. Baadaye, Septemba 2014, takwimu za pato la taifa zilipangwa upya, na ukuaji wa mwaka 2010, uliomo katikati ya kipindi cha ukame, ukapanda kutoka chini ya asilimia 6 hadi zaidi ya 8. Ongeza 2.8 na bila ukame Kenya ingekua kwa asilimia 11. Wengine wataamini.

Upangaji huohuo mpya wa takwimu ulibadilisha hata uzito wa hasara. Wastani wa bilioni 242 kwa mwaka, dhidi ya pato la 2010 la kama trilioni 2.5 kwa takwimu za zamani, ni asilimia 9.7. Dhidi ya trilioni 3.2 za takwimu mpya ni asilimia 7.6. Kwa dola hali ni hiyohiyo: ripoti ilitumia kama shilingi 80 kwa dola, kiwango cha haki kwa miaka minne yote. Oktoba 2011 dola ilikuwa imevuka shilingi 100. Kwa kiwango hicho bilioni 12.1 zinakuwa 9.7, na dola bilioni 2.4 zimetoweka bila ng'ombe hata mmoja kufufuka.

Kwa nini haya yana maana kwa mtu asiye mchumi? Watu waliohitaji msaada wa chakula nchini mwaka 2011 walikuwa zaidi ya milioni 3.7. Tuseme hasara yote ya mifugo iliwaangukia wao. Bilioni 699.3 gawanya kwa watu hao na kwa miaka minne, ni shilingi 47,250 kwa mtu kwa mwaka. Familia ya watu sita ilipoteza shilingi 283,500 kila mwaka, au 23,600 kila mwezi. Anayezijua familia za wafugaji wa Turkana ataona mara moja kwamba nyingi hazikuwa na kipato cha kiasi hicho cha kupoteza.

Serikali na wafadhili walikuwa na mpango wa fedha taslimu wa kupambana na njaa katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Kuanzia 2016 kila familia ililipwa shilingi 5,400 kila miezi miwili, yaani 32,400 kwa mwaka. Familia zilikuwa kama 100,000, hivyo mpango uligawa karibu bilioni 3.24 kwa mwaka. (Shilingi za 2016 zilinunua pungufu kuliko za 2010, kwa hiyo ulinganisho unaofuata unaupendelea mpango.) Ukiuweka kando ya hasara ya 283,500, malipo hayo yanafidia asilimia 11, na afisa wa bajeti ana sababu ya kuuliza yanasaidia nini. Punguza hasara ya ripoti hadi theluthi moja, kwa sababu zote zilizotajwa hapo juu, na familia inapoteza 94,500. Malipo yaleyale sasa yanafidia asilimia 34. Kwa nchi nzima, hata baada ya punguzo hilo, gharama ya ukame kwa mwaka ingekuwa bilioni 81, mara 25 ya fedha zilizogawiwa. Kwa hesabu ya ripoti ni mara 75.