Bakteria Angani

Jiwe likirushwa juu hurudi chini, na maji hutiririka kuelekea bondeni. Nguvu ya dunia ya kuvuta vitu vyote tumeizoea hata hatuifikirii. Je, nguvu hiyo yavigusa pia viumbe vidogo mno, kama bakteria?

Mwezi wa Septemba 2006 chombo cha Marekani, Atlantis, kilipaa angani kikichukua Salmonela, bakteria iletayo homa na kuhara. Humo kila kitu huelea, si kwa kuwa mvutano wa dunia umekwisha, bali kwa kuwa chombo na vyote vilivyomo vyaanguka pamoja daima, vikiizunguka dunia. Bakteria za namna ileile zilikuzwa pia huku chini, zipate kulinganishwa.

Chombo kiliporudi, panya walipewa bakteria hizo. Waliopata zile za angani walikufa upesi kuliko wenzao, na kiasi kidogo zaidi kilitosha kuwaua.

Sababu ni nini? Penye mvutano, maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka, na vitu vizito huzama. Angani sivyo: maji hutulia, huigusa bakteria taratibu tu. Utulivu kama huo umo pia katika mikunjo ya utumbo wetu. Yaonekana kana kwamba bakteria hudhani imekwisha kufika huko, ikajiandaa kushambulia. Jeni zake 167 zilibadili kazi. Mwaka 2008 jaribio lilirudiwa, ikaonekana kwamba kuongeza chumvi fulani, hasa fosfati, katika chakula chake kulipunguza ukali huo.

Uzito mkubwa nao hauzishindi bakteria. Mwaka 2011 wataalamu wa Japani walizizungusha katika mashine hata uzito wake ukazidi wa kawaida mara 400,000 hivi, nazo nyingine zikaendelea kuzaana.

Mambo hayo yatuhusu sisi pia. Salmonela hiyo huingia hata katika damu ya watoto wadogo wa Kongo, hasa waliodhoofishwa na malaria au njaa. Kujua kinachoiamsha utumboni ni hatua ya kuishinda. Wakati huo huo, enyi wazazi, tuchemshe maji ya kunywa, tunawe mikono kwa sabuni, na mtoto mwenye homa tumpeleke kwa mganga bila kukawia. Nanyi wanafunzi, someni kwa bidii: Muumba ameficha mengi katika vitu vidogo, naye ametupa akili ya kuyatafuta.