Ubao Mmoja, Chapa Ishirini

Mchoraji wa Bunia aliyemaliza picha yake ya rangi za mafuta, akatamani kuifikisha mbele ya waamuzi wa maonyesho makubwa, hukabiliwa na dhiki ambayo mwenzake wa Kinshasa haifikirii sana, nayo ni kwamba picha ni moja tu na njia ni ndefu. Kinshasa iko umbali wa takriban kilomita 1,800 kwa mstari ulionyooka, wala hapana barabara ya kutegemewa inayoiunganisha miji hiyo miwili. Kampala ni kama kilomita 300 kwa kipimo hichohicho, lakini katikati pana mpaka, forodha na Ziwa Albert. Picha ikilowa, ikikunjika au ikipotea safarini, kazi ya miezi imekwenda na haina badala. Kwa sababu hiyo naona kwamba katika sanaa zote za kuchora hakuna inayomfaa mtu anayekaa mbali na waamuzi wake kama sanaa ya kuchapa. Maana mwenye ubao aliouchonga kwa mkono wake hupeleka chapa moja ikahukumiwe, na zilizosalia zikakaa salama kabatini, kila moja ikiwa asili kama ile iliyosafiri.

Namna ya kufanya kazi yenyewe ni hii. Ubao husawazishwa kwa msasa, kisha picha huchorwa juu yake kinyume, kushoto kukawa kulia, kwa kuwa karatasi itageuza kila kitu. Halafu patasi huondoa pale panapotakiwa kubaki peupe, na pale palipoachwa ndipo patakapobeba wino. Wino hutandazwa juu ya kioo kwa rola, na hapa ndipo mzoefu anapojulikana, kwa sababu hatazami tu bali husikiliza: wino ukiwa mzito kupita kiasi rola hutoa mlio wa kunata, kama wa nyayo zinazobanduka topeni, na ukiwa sawasawa mlio hulainika ukawa mvumo mwembamba wa mfululizo. Ubao ukishapakwa, karatasi hulazwa juu yake na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko cha mti, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, na mchapaji huinua ncha moja mara kwa mara kuangalia kama weusi umekolea. Hakuna mashine inayolazimu, wala umeme, na jambo hili si dogo katika miji yetu.

Mbao nazo hazikosekani. Malori yanayotoka pande za Mambasa na Komanda huteremsha libuyu na mvule, miti migumu ambayo huchosha kifundo cha mkono. Anayeanza ni heri atafute plaiwudi au kipande cha linoliamu, ajifunze kukosea kwa gharama ndogo.

Majaribio ya kweli huanza rangi zinapozidi moja. Wako wanaochonga ubao wa peke yake kwa kila rangi, lakini iko njia nyingine iliyo kali zaidi, ambayo Picasso aliitumia katika linoliamu zake za mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambayo Fred Mutebi wa Uganda, aliyesoma Makerere, ameifanya kuwa alama yake katika michoro ya ubao yenye rangi nyingi. Katika njia hiyo ubao ni mmoja tu kwa rangi zote. Kwanza huchapwa rangi iliyo nyepesi kuliko zote, tuseme manjano, juu ya karatasi zote zilizokusudiwa. Kisha ubao huohuo huchongwa tena, pale manjano itakapobaki pakaondolewa, na rangi ya pili ikachapwa juu ya ile ya kwanza. Hivyo hivyo hata kufikia weusi, ambapo ubao huwa umebaki na vijisehemu tu. Hakuna kurudi nyuma, kwa kuwa kilichochongwa kwa rangi ya tatu kimekwishaiua rangi ya pili. Aliyeanza na karatasi 20 na 6 zikaharibika njiani kwa kutokaa sawa juu ya ubao, atabaki na 14 mpaka mwisho wa dunia. Hatimaye hutia sahihi kwa penseli chini ya kila moja, na katika pembe ya pili ya chini huandika 3/14 au 9/14, ili mnunuzi ajue ameshika ya ngapi kati ya ngapi.

Sasa tuje kwa waamuzi. Maonyesho ya mchujo aghalabu hutangaza masharti yake mapema: ukubwa wa kazi, mwaka ilipofanywa, namna ya uchapaji, na pengine ada. Msanii hupeleka kwanza taswira za kazi zake, baraza likazitazama na kuchagua, na wale waliokubaliwa tu ndio hutakiwa kupeleka kazi zenyewe. Utaratibu huu una haki yake, lakini una dhuluma ndogo kwa mchapaji, kwa kuwa fahari ya chapa ni ile alama ambayo ubao umeizamisha karatasini na ule unene wa wino unaoonekana ukiigeuza nuruni, na hayo yote hufa katika taswira. Kwa hiyo anayetaka kuchaguliwa lazima apige picha kazi yake kivulini, mchana wa mwanga mtulivu, bila taa ya kamera, na pengine aongeze taswira ya sehemu ndogo iliyochukuliwa kwa karibu.

Maonyesho yaliyo makongwe kwa upande wa chapa ni yale ya Ljubljana, yaliyoanza 1955 katika nchi iliyokuwa Yugoslavia. Mwaka 1963 tuzo kuu ilimwendea Mmarekani Robert Rauschenberg kwa kazi ambayo fundi mwingine angeitupa. Alikuwa akichapa kwa jiwe, katika karakana ya Tatyana Grosman huko New York, na jiwe likapasuka. Wakaandaa la pili, nalo likapasuka. Badala ya kutafuta la tatu, akalichapa lile lililovunjika, ufa mweupe ukikata picha mshazari, na vipande vya mawe akavipanga chini yake, kisha akaiita kazi hiyo Ajali. Sidhani kwamba waamuzi walituza bahati. Walituza jicho lililoona kwamba ufa ule ulikuwa mstari bora kuliko yote iliyochorwa.

Barani kwetu, Dakar imekuwa na maonyesho yake ya sanaa za kuonekana tangu 1992, na Lubumbashi tangu 2008, ingawa huku chapa hushindana na sanamu, filamu na kila kitu kingine, na mara nyingi humezwa.

Lakini fundi wa Ituri, mkoa wenye mji wa Bunia, ana jambo ambalo mwingine hawezi kuliazima. Katika msitu ulioko magharibi ya Bunia, wanaume wa Kimbuti walikuwa wakiponda magome ya miti mpaka yakawa nguo, na wanawake wakayatia nakshi kwa maji ya matunda ya gadenia yaliyochanganywa na masizi, wakitumia vijiti na ncha za vidole: mistari inayokatika ghafla, nukta, miraba isiyolingana. Kidole kilichochovywa na kubandikwa, kikachovywa tena na kubandikwa tena, tayari ni uchapaji. Nguo hizo zimetundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani bila fomu wala ada, na bila majina ya wanawake waliozifanya, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa deni.

Mutebi amekwisha kuitumia katika sanaa yake nguo ya gome la mutuba ya Buganda, ambayo ufundi wake UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa hazina za wanadamu, na sioni kwa nini mtu wa Bunia asijaribu kuchapa juu ya gome badala ya kungojea karatasi ya Ulaya. Ajue tu kwamba gome hunywa wino kuliko karatasi, na uso wake una nyuzi zisizolala. Mistari myembamba itapotea, hivyo ubao wake hauna budi kuchongwa kwa mapana, na chapa zake mbili hazitafanana kamwe. Katika safu ya fomu inayouliza kazi imechapwa juu ya nini, aandike gome, na jina la mti wake.