Sura ya Nne: Kupaka Sanamu kwa Weusi na Weupe

Aghalabu ya watu waanzao kupaka rangi sanamu ndogo, zile za askari, wafalme na mashujaa wa hadithi ambazo kimo chake ni cha kidole tu, hushughulika mno na swali la rangi ipi inafaa joho na ipi inafaa ngao, wasijue kwamba lipo swali lililolitangulia hilo, nalo ni kiasi gani cha nuru kiangukie kila mahali. Jicho la binadamu hulitambua umbo kwanza kwa tofauti ya nuru na kiza. Ndiyo maana picha ya gazeti isiyo na rangi hata moja hutuonyesha uso wa mtu tumjuaye bila ya shaka yoyote, ilhali picha yenye rangi tele, ikiwa nuru yake imekaa sawasawa kila upande, huonekana bapa na isiyo na uhai. Sura hii, basi, yahusu kazi ya kuipaka sanamu tangu utosi hata nyayo kwa weusi, weupe na kijivu peke yake, kazi ambayo wengi huidhania kuwa ni upungufu, nami naiona kuwa ni elimu kamili inayojitegemea.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa sanamu ina umbo lake tayari, na taa inaiangaza, yapo mahitaji gani ya kuichorea vivuli? Jawabu lake limo katika udogo wa sanamu yenyewe. Sanamu ya milimita 54, kipimo walichokizoea mafundi wa kazi hii tangu zamani, ni mtu aliyepunguzwa kiasi cha mara 32, hata mkunjo wa joho ambao kwa mtu mzima ungekuwa na kina cha sentimita 3, kwake haufiki milimita moja. Mwili umepungua, lakini taa ya mezani haikupungua: ikiwa kifuniko cha taa kina upana wa sentimita 15, nayo imewekwa umbali wa sentimita 40, basi kwa hesabu ya sanamu ni sawa na kumulikwa na taa yenye upana wa karibu mita 5 iliyo umbali wa mita 13. Nuru pana namna hiyo huingia kila pembe na kuvifuta vivuli, ikauacha uso wa sanamu hauna macho yaliyozama wala kidevu kilichojitenga na shingo. Fundi, kwa hiyo, hulazimika kuvichora kwa mkono wake vile vivuli ambavyo maumbile yamemnyima.

Wachoraji wa Ulaya waliijua nguvu ya kijivu zama nyingi kabla yetu. Katika kanisa dogo la Scrovegni, mjini Padua, Giotto alichora yapata mwaka 1305 sura za fadhila saba na maovu saba kwa namna ya sanamu za mawe. Na kwenye milango ya nje ya picha kubwa ya altare ya Ghent, iliyokamilika mwaka 1432, Jan van Eyck aliwachora Yohana Mbatizaji na Yohana Mwinjili wakiwa wamesimama mithili ya mawe yaliyochongwa. Wao walikuwa na ubao na ukuta bapa, wakautafutia unene. Sisi tunao unene mkononi, na twautafutia nuru isiyogeuka hata taa ikihamishwa.

Ama namna ya kuanza ni nyepesi kuieleza. Sanamu hupakwa nyeusi yote kwa rangi ya awali, ikakauka, kisha hupuliziwa nyeupe kutoka juu peke yake, mahali ambapo fundi amekusudia jua au taa iwepo. Kila kilichotazama juu, yaani utosi, mabega, pua na mgongo wa mkono, hupokea weupe, na kila kilichojificha chini ya ukosi au kwapani hubaki na weusi wake. Hapo sanamu iwekwe mezani na itazamwe kwa makini kabla ya kushika brashi, kwa kuwa imekuwa ramani ya nuru ambayo kazi yote itakayofuata haina budi kuitii.

Taabu huanza katika kuchanganya. Albert Munsell, Mmarekani aliyetoa kitabu chake cha mpangilio wa rangi mwaka 1905, aliyapanga madaraja ya kijivu kutoka 0, ambayo ni nyeusi kamili, hata 10, ambayo ni nyeupe kamili. Na katika mpango huo ile kijivu ambayo jicho huihukumu kuwa ni ya katikati, daraja la 5, hurudisha kiasi cha sehemu moja tu katika tano za nuru iliyoiangukia. Jicho, basi, halihesabu kama mizani ihesabuvyo. Fauka ya hayo, weusi wa masizi una nguvu kubwa, na atakayechanganya matone sawa ya nyeusi na nyeupe atapata kijivu nzito iliyo karibu na giza. Heri aanze na nyeupe, akaitia nyeusi kidogo kidogo. Tena rangi za akriliki hukauka zikiwa nzito kuliko zilivyokuwa mbichi, kwani gundi yake, iliyo kama maziwa ikiwa na maji, huwa angavu ikikauka. Kwa hiyo kila daraja lijaribiwe kwanza kwenye kipande cha plastiki na kuachwa likauke.

Lipo jambo jingine linalowashangaza wengi: nyeupe iliyotiwa maji mengi na kupakwa juu ya nyeusi hugeuka ya buluu kidogo, kwa kuwa chembe zake ndogo huitawanya nuru ya buluu kuliko nyekundu. Wapo waipendao hali hiyo. Mimi hupenda kuitia kijivu yote chembe ya kahawia ili buluu hiyo itulie. Lakini atakalochagua fundi, sharti liwe moja kwa sanamu nzima, maana koti likiwa la ubuluu na uso ukiwa wa ukahawia, mtazamaji ataona rangi, na kazi yote itakuwa imepotea.

Sasa twafika kwenye kiini cha sanaa hii. Mahali ambapo rangi zote zimeondolewa, hariri itatofautianaje na sufi, au chuma na ngozi? Tofauti yake imo katika mwendo wa nuru, namna inavyopanda na mahali inapokomea. Kwenye sufi nuru hupanda polepole, na mahali pake pa juu kabisa hapafiki hata karibu na weupe. Kwenye hariri hupanda ghafla, ikakaa kwa ukanda mwembamba juu ya mkunjo, ikashuka upesi. Chuma huweka weupe safi ubavuni mwa weusi safi, bila ya daraja la kati. Kiatu cha ngozi kilichochakaa hubaki cha kiza, na kingo zake tu hukwaruzwa kwa kijivu. Na wajihi wa mtu huhitaji madaraja mengi yaliyokaribiana sana, na hapo ndipo mkono wa fundi hupimwa. Weupe safi, kwa hiyo, ni akiba ya kutumiwa kwa uchache: aliyeumaliza kwenye shati hana tena cha kuupa upanga.

Mfano niupendao ni kiumbe wa filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931, iliyoongozwa na James Whale, ambaye sanamu zake za plastiki zimeundwa na kupakwa na watu wengi tangu kampuni ya Aurora ilipoitoa yake mwaka 1961. Boris Karloff, mchezaji wake, alipakwa usoni na Jack Pierce rangi ya kijivu yenye ukijani, ili katika picha isiyo na rangi aonekane amepauka kama maiti. Wapo wampakao kijani kibichi. Ni halali yao, lakini kiumbe aliyewatisha watu sinemani alikuwa wa kijivu. Anayempaka vivyo hivyo haulizi tena vitu vilikuwa na rangi gani, bali filamu iliviona vipi, na filamu hazikuona sawa: zile za awali hazikuihisi nyekundu, hata mdomo uliopakwa rangi nyekundu ukatoka wa kiza na anga la buluu likatoka jeupe, na baadaye zikaja zilizohisi rangi zote. Kwa Karloff, uso uwe ndio mahali pa nuru kuliko pote, kope ziwe nzito, mashavu yazame. Na koti lake jeusi lisipakwe weusi kamili, kwani katika weusi kamili hakuna mikunjo. Litoshelezwe na kijivu nzito za madaraja matatu au manne, na nyeusi yenyewe iwekwe ndani ya mikono ya koti na chini ya ukosi tu.

Kazi ikikamilika ifunikwe kwa vanishi isiyong'aa, isipokuwa macho, ambayo hupewa tone la vanishi ing'aayo. Na kitako cha mbao ambacho sanamu itasimama juu yake, hata kikiwa cha mti mzuri, kipakwe nyeusi. Kahawia ya mbao ikikaa karibu na kijivu huifanya ionekane ya buluu, na buluu hiyo haitaondoka kwa kuongeza rangi yoyote juu ya sanamu, maana haimo katika sanamu.